Colby James Sedlak: Aliyeombolezwa Jumamosi, Akafa Jumatano

Colby James Sedlak aliombolezwa angali hai. Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2019, Kocha Royce Gentry wa Chuo cha Ransel aliwaambia vijana wake kwamba Colby amefariki alfajiri ile. Akawaingiza uwanjani wakilia, na wakashinda mechi yao ya pekee msimu mzima. Saa hiyo Colby alikuwa sebuleni kwao, kitandani, mto mgongoni, akiwatazama. Alifariki Jumatano ya tarehe 20 Novemba, saa kumi na dakika kumi jioni. Mama yake alikuwa amemshika mkono. Hiyo ndiyo tarehe, na hakuna nyingine.

Chuo kilituletea wasifu ulioandikwa tayari ili usomwe hapa leo. Ni mzuri, umeandikwa na watu waliosoma, na mstari wake wa kwanza unasema alifariki Jumamosi. Kwa hiyo tumeuweka kando. Mimi, Rhonda Sedlak, mama yake, niliacha shule nikiwa na miaka kumi na minne. Huu nimeuandika mwenyewe, na binti yangu Tessa amenirekebishia herufi tu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1999 hapa Ransel, Nebraska, mtoto wa kwanza wa Gary na Rhonda Sedlak. Siku hiyo theluji ilikuwa imefunga barabara, ikabidi gari la kusukuma theluji la wilaya litangulie mbele na wazazi wake wafuate nyuma. Alikuwa na kilo tano kasoro kidogo. Mkunga alimwinua akasema, "Huyu amekuja na mabega yake kabisa." Baba yake alifariki mwaka 2010 kwa ajali ya barabarani akitoka zamu. Tangu hapo Colby ndiye aliyekuwa akifunga milango ya nyumba kabla ya kulala, na kabla ya kuzima taa alikuwa akiita jina la kila mmoja ili aitikiwe.

Alisoma shule ya msingi na ya sekondari hapahapa Ransel, akamaliza mwezi Mei 2017. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Alianza kucheza futiboli yetu ya Kimarekani, ile ya mpira wenye ncha mbili, akiwa na miaka tisa, na mwalimu akamweka katikati ya mstari wa mbele kwa sababu ya yale mabega. Kazi ya mtu wa kati ni kuinama juu ya mpira na kuurudisha nyuma, katikati ya miguu yake, kwa mwenzake anayeusubiri. Mchezo hauanzi mpaka yeye aanze. Mwaka ule alifanya mazoezi kwa kila kilichokuwamo ndani ya nyumba. Ukimwomba funguo, anakupa mgongo, anainama, funguo zinakujia. Vivyo hivyo mkate, na vivyo hivyo soksi. Siku moja alimrudishia mama yake pakiti ya maziwa, nayo ikapasuka ukutani.

"Mama, hukuwa tayari," alisema, kichwa bado kiko chini katikati ya magoti.

"Nilikuwa napika, Colby."

"Mtu wa nyuma hapiki."

Agosti 2017 alijiunga na Chuo cha Ransel kusomea ualimu wa ufundi. Kila kiangazi alifanya kazi kwenye maghala ya mahindi pale stesheni. Alitaka kufundisha vijana kuchomelea vyuma. Alisema mtu akijua kuunganisha vipande viwili vya chuma, hatakaa bila kazi Nebraska.

Hakuoa. Alikuwa na mchumba, Maren Dufek, ambaye yuko hapa nasi, na walikuwa wamepanga harusi ya mwezi Juni. Alimpa pete kwenye egesho la magari la duka la vifaa vya shamba. Maren alipomuuliza kwa nini pale, alijibu kwamba kwingine kote mjini kuna watu wa kumuuliza kwa nini Korongo wamefungwa tena.

Korongo ndilo jina la timu ya chuo, na msimu huu walifungwa kila mahali. Walianza tarehe 31 Agosti kwa kupigwa arobaini na moja kwa tatu, mbele ya watu wao. Kufika tarehe 9 Novemba walikuwa wamecheza mara kumi na kufungwa mara kumi. Kengele ya chuo, ambayo hupigwa wakishinda, ilikaa kimya mpaka njiwa wakajenga ndani yake. Kwa kinyozi wazee walimpokea Colby kwa kelele.

"Colby, leteni hata sare basi."

"Mchezo huu hauna sare, mzee."

"Basi leteni mvua, mechi iahirishwe."

"Mvua ilinyesha wiki iliyopita. Tulifungwa tukiwa tumelowa."

Yeye aliyachukua kwa kicheko. Kocha Gentry hakuyachukua hivyo. Mjini ilijulikana kwamba wakimaliza msimu bila ushindi hata mmoja, chuo kitatafuta kocha mwingine.

Ugonjwa ulianza na michubuko. Vijana wa mstari wa mbele wana mchezo wao bwenini. Kila Jumapili wanavua mashati na kulinganisha michubuko ya Jumamosi, na mwenye mkubwa kuliko wote hupewa pai ya tufaha nzima, aile peke yake. Mwezi Septemba Colby alishinda pai kila Jumapili. Jumamosi ya tarehe 28 timu haikucheza, ilikuwa wiki ya mapumziko. Jumapili yake wakalinganisha kama kawaida, kwa utani, na Colby akashinda tena, kwa mchubuko mweusi uliotoka kwapani hadi kiunoni. Walimpigia makofi. Hakuna aliyejiuliza umetoka wapi kwa mtu ambaye wiki nzima hakuguswa. Yeye mwenyewe hakujiuliza. Alikula pai yake.

Tarehe 5 Oktoba alianguka uwanjani, damu ikimtoka puani na kwenye fizi. Tarehe 8 Oktoba, Omaha, daktari alisema ni saratani ya damu, ile inayokimbia. Alitibiwa kwa dawa kali, na dawa hazikufaulu. Jumatatu ya tarehe 11 Novemba tulimrudisha nyumbani. Kitanda tulikiweka sebuleni, karibu na dirisha la barabarani, kwa sababu alitaka kuona watu wakipita.

Kocha Gentry alikuja Alhamisi ya tarehe 14. Alileta blanketi la zambarau lenye picha ya korongo, akasali kando ya kitanda. Colby alikuwa amelala. Kisha Kocha akamfuata mama yake Colby jikoni, akapewa kahawa.

"Mama Colby, daktari anasemaje?"

"Anasema ni siku. Hajui ngapi."

"Vijana wanataka kumuaga. Unaijua desturi."

Mama yake aliijua, kila mtu hapa anaijua. Mchezaji akifa, timu yake hujipanga mara ya kwanza pungufu ya mtu mmoja, nafasi yake ikaachwa wazi. Wapinzani husimama tu. Muda unapita, mwamuzi anatupa kitambaa chake cha adhabu, wapinzani wanaikataa adhabu hiyo, halafu mchezo unaanza. Wanaume wazima hulia wakiona.

"Hiyo ni ya marehemu, Kocha."

"Ndiyo."

"Basi subiri afe."

Alizungusha kikombe mezani. "Msimu unaisha Jumamosi, Mama Colby. Hakuna mechi tena mpaka Agosti. Agosti nusu ya hawa vijana watakuwa wameshaondoka. Nani atamwachia nafasi?"

"Asiachiwe."

"Ninamtafutia heshima yake."

"Mtafutie ushindi. Huo ndio aliokuwa akiutaka."

Kocha aliinuka, akaosha kikombe chake, akakipangusa, akakirudisha kabatini mahali pake kabisa. Mama yake alidhani maneno yameishia hapo.

Jumamosi saa nne asubuhi, Bi. Arlene Kucera, jirani yetu wa nyumba ya tatu, aligonga mlango. Mikononi alikuwa na chombo cha viazi vya kuoka na nyama, kimefunikwa kwa karatasi ya fedha, na jina lake limebandikwa chini ili chombo kirudi kwa mwenyewe. Hapa Ransel chombo cha namna hiyo huletwa kwenye msiba tu.

"Rhonda, mdogo wangu. Pole. Tumesikia."

"Mmesikia nini?"

"Usijikaze mbele yangu. Chuo kimetangaza redioni."

Kutoka sebuleni Colby akauliza, "Nani amekufa, mama?"

Bi. Arlene alimwona juu ya bega la mama yake. Hakupiga kelele. Alimtazama, naye Colby akamwinulia mkono kumsalimu. Bi. Arlene akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayesalimiwa na mgeni asiyemjua. Kisha akainamia sikio la mama yake akasema polepole, "Kiweke tu kwenye friji. Hakitaharibika." Akashuka ngazi akaenda zake.

Baada yake wakaja wengine. Mama yake alipoacha kufungua mlango, waliviacha vyombo barazani. Magari yalipita mbele ya nyumba polepole, taa zimewashwa mchana kweupe, kama yanavyokwenda makaburini. Colby aliyaona yote kupitia dirishani. Wengine ndani ya magari walitazama moja kwa moja dirishani, wakamwona, wakageuza macho mbele.

Alikuwa hajala kwa siku mbili. Aliomba kijiko cha viazi vya Bi. Arlene.

"Si ni vya kwangu hivi?" alisema. Akala vijiko vitatu, akasema vimezidi chumvi.

Mama yake alipiga simu chuoni. Binti aliyepokea alikuwa na sauti ya upole sana.

"Pole, mama. Chuo kizima kinakuombea."

"Mwanangu yuko hapa. Anakula viazi."

"Ndiyo, mama. Hata bibi yangu aliendelea kumwona babu. Jaribu kulala kidogo."

Maren naye aliandika kwenye simu yake, watu wote waone: Colby yu hai, nipo naye hapa. Majibu yakamiminika, mamia, yenye picha za mioyo myekundu. Ndiyo, Maren. Yu hai. Ataishi daima ndani yetu. Akaandika tena kwamba hasemi hayo, anasema yu hai kitandani, anapumua. Wakaongeza mioyo. Simu ya Colby yenyewe, iliyokuwa ikilia wiki nzima kwa jumbe za wenzake, haikulia tena tangu asubuhi ile. Watu hawampigii marehemu.

Saa saba mchana Maren aliweka kompyuta yake juu ya kiti, karibu na kitanda, tukaona mechi. Uwanja ulikuwa umejaa kuliko siku zote za msimu. Kwenye ubao mkubwa waliandika jina lake, namba yake hamsini na nane, na miaka miwili, 1999 na 2019, yenye kistari katikati. Colby aliyasoma yote. Tessa, dada yake, alitaka kuizima kompyuta, Colby akamkataza.

Korongo walipoupata mpira walijipanga watu kumi badala ya kumi na mmoja. Mpira ulilazwa chini, katikati ya uwanja, na juu yake hapakuwa na mtu. Kulia na kushoto kwa ile nafasi vijana waliinama kwenye mstari, machozi yakidondokea majani. Nyuma yake alisimama Jamison Tolliver, kijana wa Tulsa, aliyeishi na Colby chumba kimoja tangu walipojiunga na chuo. Ndiye aliyezoea kuupokea mpira kutoka kwa Colby. Alikuwa amenyoosha mikono mbele, viganja wazi, kana kwamba mtu yupo. Watu elfu kadhaa walinyamaza, na kwenye kompyuta tukasikia kamba ya mlingoti ikigonga chuma mara moja, kisha hata hiyo ikatulia.

Mkono wa kulia wa Colby ulikuwa juu ya blanketi. Mama yake aliona vidole vikijikunja, vikishika kitu kisichokuwepo. Halafu kifundo cha mkono kikageuka kwa ghafla, vile kilivyogeuka mara elfu jikoni kwetu.

Uwanjani, ule mpira ukajongea. Haukuruka. Ulijiinua ncha moja, ukarudi nyuma kiasi cha hatua ya mtoto, ukalala mbele ya viatu vya Tolliver. Mwamuzi aliutazama. Akatupa kitambaa chake. Mtangazaji alisema ni upepo. Bendera zote nyuma yake zilikuwa zimening'inia bila kutikisika, na picha ipo, mwenye shaka aitazame.

"Nimempa," alisema Colby.

"Umempa nani nini?" mama yake aliuliza.

"Tolliver."

Mkono wake ulikuwa wa baridi kama chuma cha nje. Mama yake aliusugua mpaka mechi ilipoisha, haukupata joto. Korongo walishinda ishirini na saba kwa ishirini na nne. Kengele ya chuo ikaanza kulia. Tuliisikia dirishani kabla ya kuisikia kwenye kompyuta, na njiwa tukawaona wakipaa juu ya mapaa. Colby alisikiliza mpaka ikakoma.

"Mama, nilikufa saa ngapi?"

"Hujafa, Colby."

"Najua. Nauliza walisema saa ngapi."

"Alfajiri."

"Alfajiri nilikuwa naota," akasema, na hakusema alichokuwa akiota.

Jumapili mchana Tolliver alikuja na boksi la vitu vya Colby kutoka bwenini, kumletea mama wa marehemu. Alifunguliwa mlango, akaingia hatua moja, akaona kitanda. Hakuliacha boksi lianguke. Alilikumbatia kwa nguvu na kusogea ukutani.

"Mama Sedlak," alinong'ona, bila kuyatoa macho kitandani. "Na wewe unamwona?"

"Namwona tangu alipozaliwa."

"Anajua?"

"Anajua nini?"



"Tolliver," Colby akasema, "funga mlango, baridi inaingia. Na hiki kiatu ulicholeta cha bluu ni cha kwako."

Tolliver aliliweka boksi sakafuni, akaenda mpaka mwisho wa kitanda, akaushika mguu wa Colby juu ya blanketi. Aliuminya. Akauminya tena. Ndipo akakaa chini.

"Tulikulilia, wewe. Nimetapika kwa kulia."

"Nilikuona. Unalia vibaya. Makamasi yote yale, na kamera ipo usoni."

"Kocha alisema umekufa. Alisema alikuwa hapa, alikushika mkono."

"Alinishika kweli. Alhamisi."

Wakacheka wote wawili, kisha Tolliver akaacha kucheka. "Na ule mpira?"

"Upepo."

"Hapakuwa na upepo, Colby."

"Basi usiniulize."

Alikaa mpaka jioni. Alipiga picha moja kwa simu, Colby akiwa amekunja uso. Usiku huohuo alikwenda kwa Kocha Gentry, halafu bwenini kwa wenzake. Mama yake Colby hakuwepo, haya ni kama alivyosimulia Tolliver mwenyewe. Kocha aliwakusanya vijana akamweka Tolliver katikati yao. Hakumkemea. Alimwekea mkono begani akasema, "Huzuni ikizidi, mtu huona. Mwenzenu ameona. Mwombeeni." Tolliver akatoa picha. Wakasema ni ya Oktoba, ya hospitali. Akasema twendeni sasa hivi, ni nyumba ya bluu, mwendo mfupi. Kocha akasema familia iachwe na majonzi yake. Wakamwekea mikono kichwani, wote, wakamwombea aache kumwona Colby.

Hakuna kijana hata mmoja aliyekuja kugonga mlango wetu. Siwalaumu. Walikuwa wameshinda, na mwenzao alikuwa amekufa, na walitaka mambo hayo mawili yakae pamoja.

Jumatatu chuo kilimpeleka Tolliver kwa mshauri. Jumanne kilimkatia tiketi ya basi kwenda kwao Tulsa, apumzike mpaka mwakani. Kabla ya kupanda alipita kwetu. Colby alikuwa hafungui macho tena. Tolliver alisimama mlangoni akamuuliza mama yake Colby kwa sauti ya mtoto, "Sasa hivi yupo, au?"

Yule kijana alikuwa na akili timamu kuliko kocha wake, na walikuwa wamemfikisha pale.

Kuanzia Jumapili Colby aliongea kama mtu aliye kwenye nyumba ya watu. Aliomba radhi kwa kuchukua sebule. Aliomba kitanda kisogezwe kutoka dirishani, asiwape shida wanaokuja kutoa pole. Usiku, badala ya kutuita majina kama zamani, alilala kimya, na Tessa alipoliita jina lake yeye, alichelewa kuitika, kana kwamba anapima kama anaruhusiwa. Muuguzi wa nyumbani alisema ni ugonjwa. Huenda ni ugonjwa. Mama yake anajua alivyokuwa Ijumaa, na anajua alivyokuwa Jumapili.

Jumatano mchana theluji ya kwanza ilianza. Alifungua macho mara moja, akamtazama Maren, akamtazama Tessa, akamtazama mama yake, mmoja baada ya mwingine. Saa kumi na dakika kumi akaacha kupumua. Daktari wa wilaya alikuja, akaandika siku na saa kwa mkono wake. Mama yake akapiga simu chuoni kuwaarifu. Alipokea binti yuleyule mwenye sauti ya upole.

"Ndiyo, mama," alisema. "Tunajua."

Marehemu ameacha mama, Rhonda, dada, Tessa, babu, mzee Emil Sedlak, mchumba wake, Maren Dufek, na rafiki yake, Jamison Tolliver, aliyesafiri kwa basi usiku kucha kutoka Tulsa na ameketi nasi kwenye safu ya familia. Jina lake halikuwepo kwenye orodha ya wabebaji wa jeneza iliyoletwa na chuo. Leo atabeba, upande wa kichwani.

Lililobaki ni deni, na mwenye kudaiwa ni Kocha Royce Gentry. Yuko hapa, safu ya nne, upande wa madirisha. Hatumdai maua, wala jezi ya kutundika, wala jiwe pale getini. Anadaiwa asimame mbele ya vijana wale kumi, ambao nao wapo, na aseme kwa sauti ileile aliyotumia Jumamosi: Colby alikuwa hai. Nilijua. Tolliver hakuona kitu ambacho hakipo. Kaburi litafunikwa saa nane mchana, na sisi hatutaondoka kabla ya hapo. Akiyasema, Colby atapumzika, na Tolliver atalala.